Neno la Mwandishi na Neno la Mtafutaji: Tatizo la Kuonekana kwa Kurasa za Kiswahili katika Mitambo ya Kutafutia

1. Utangulizi

Tangu matumizi ya intaneti yalipoenea, wenye tovuti wamekuwa na lalamiko moja linalorudiwa kila mahali, yaani kwamba kurasa zao hazionekani. Mtu amelipia jina la tovuti, ameandika habari alizozifanyia utafiti, amezipanga kwa utaratibu. Lakini mwingine akizitafuta habari zizo hizo kwa mtambo wa kutafutia, huletewa kurasa za watu wengine, au huupata ukurasa huo mbali mno, mahali ambapo watafutaji wengi hawafiki. Kwa kawaida lalamiko hili hupelekwa kwa fundi wa kompyuta, naye hulitazama kama jambo la ufundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa kurasa zilizoandikwa kwa Kiswahili, sehemu kubwa ya tatizo hili ni ya lugha, na kwa hiyo linamhusu mwanaisimu kama linavyomhusu fundi.

Jambo lenyewe si dogo. Anayetafuta jawabu kwa Kiswahili asilipate, atalitafuta kwa Kiingereza ikiwa anakijua. Na ikiwa hakijui, atabaki bila jawabu. Mwandishi naye, akiona kwamba maandishi yake hayasomwi, ama ataacha kuandika ama atahamia lugha nyingine. Hivyo lugha yaweza kupoteza uwanja mzima wa matumizi hali maandishi yapo, kwa sababu tu maandishi hayo hayakuonekana.

Ili mjadala usiwe wa kuelea hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuseme zahanati fulani imetayarisha ukurasa wenye kichwa hiki:

(1) Udhibiti wa Maradhi ya Kuhara kwa Watoto Wachanga

Usiku wa manane mama mmoja, mwanawe akiwa mgonjwa, anaandika katika simu yake:

(2) mtoto anaharisha nifanye nini

Mtu yeyote ajuaye Kiswahili anatambua kwamba (1) ni jawabu la (2). Lakini tukiyalinganisha maneno yenyewe kwa herufi zake, hatupati hata neno moja lililo katika sentensi zote mbili. Mwandishi na mtafutaji wanasema jambo moja kwa lugha moja, na hata hivyo hawakutani.

2. Jinsi Mtambo Unavyofanya Kazi

Mtambo wa kutafutia una kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kukusanya. Programu maalumu hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo na kuchukua nakala ya kila unachokikuta. Ukurasa usiokuwa na kiungo chochote kinachouelekea waweza kukaa muda mrefu bila kufikiwa, mithili ya nyumba isiyo na njia.

Kazi ya pili ni kuorodhesha. Maneno ya kila ukurasa hutiwa katika faharasa, na faharasa hii haina tofauti kubwa na ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kitaaluma: mbele ya kila neno huandikwa kurasa zote zenye neno hilo. Mtafutaji anapoandika maneno yake, mtambo hauanzi kusoma kurasa za dunia nzima, bali hutazama faharasa yake.

Kazi ya tatu ni kupanga, yaani kuamua ukurasa upi utangulie. Hapa kuna mawazo mawili ya msingi ambayo wasomaji wetu watayaona si mageni. La kwanza lilitolewa mwaka 1972 na Karen Spärck Jones wa Uingereza, aliyeonyesha kwamba neno linalopatikana katika maandishi machache lina uzito zaidi wa kupambanua kuliko neno linalopatikana kila mahali. Neno *ya* halitusaidii kuuchagua ukurasa. Neno *kipindupindu* latusaidia sana. Wazo la pili ni la Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford na walioianzisha kampuni ya Google mwaka 1998. Hao walikichukua kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kuwa ni namna ya ushahidi, na wakaulinganisha utaratibu huo na desturi ya wanazuoni ya kunukuu maandishi ya wenzao. Ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa zenye heshima hupata heshima na wenyewe.

Mawazo hayo mawili yameongezewa mengine mengi, na kampuni zenye mitambo hii hazitangazi hesabu zao zote. Hata hivyo misingi yake inatosha kutuonyesha mahali ambapo Kiswahili hukwama.

3. Sababu Zisizo za Lugha

Kabla ya kuilaumu lugha, ni haki kuzitaja kwa ufupi sababu ambazo zingeusumbua ukurasa wa lugha yoyote. Wakati mwingine mwenye tovuti mwenyewe ameufunga mlango bila kujua: tangu 1994 kuna desturi ya kuweka faili la maelekezo linaloziambia programu za kukusanya zisiingie sehemu fulani, na faili hilo husahaulika baada ya matengenezo. Wakati mwingine maandishi yamewekwa kama picha. Tangazo lililopigwa picha, au makala ya jarida yaliyopitishwa katika mashine ya kunakili, si maandishi kwa mtambo mpaka programu ya kutambua herufi iyasome, na programu hizo hukosea. Wakati mwingine ukurasa haufunguki sawasawa katika simu. Na kuanzia Julai 2019 Google imekuwa ikizipima tovuti mpya kwa umbo lake la simu.

Kuna pia hila. Zamani wenye tovuti waliweza kujaza orodha ya maneno yaliyofichika ndani ya ukurasa ili wapandishwe. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga matokeo ya wavuti. Mwaka 2011 mabadiliko yaliyopewa jina la Panda yalizishusha tovuti zenye maandishi hafifu, na mwaka 2012 yale ya Penguin yakawaandama waliojipatia viungo kwa ujanja. Machi 2024 kampuni hiyo ilikataza utoaji wa kurasa kwa wingi kwa nia ya kuupotosha mpango wa matokeo, ziwe zimetungwa na mashine au na watu. Kwa hiyo mwenye tovuti anayeshauriwa leo kurudia neno moja mara hamsini, au kumwaga mamia ya kurasa zilizofasiriwa na mashine bila kuhaririwa, anauziwa dawa iliyokwisha muda.

Tuseme basi kwamba haya yote yamerekebishwa. Ukurasa wa zahanati umefikiwa, umeorodheshwa, unafunguka vizuri, nao hauna hila. Bado mama wa mfano wetu huenda asiupate. Hapa ndipo lugha inapoingia.

4. Sababu za Lugha

4.1 Neno linalobadilika mwanzoni

Utafiti mwingi wa mwanzo kuhusu utafutaji wa maandishi ulifanywa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni za kuondoa viambishi tamati vya Kiingereza ili maumbo mbalimbali ya neno yahesabiwe kuwa neno moja. Kanuni hizo zilitumiwa kote duniani. Lakini Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hubadilisha mwanzo wa neno na mwisho wake pia. Hebu tuangalie majina machache:

(3) mtoto – watoto
(4) jicho – macho
(5) jino – meno
(6) ulimi – ndimi
(7) ubao – mbao

Katika (3) mzizi unaonekana wazi. Katika (5) na (6) kanuni za fonolojia zimeubadilisha umbo kiasi kwamba programu inayolinganisha herufi haiwezi kuuona uhusiano. Wala haifai kuondoa viambishi kwa pupa. Programu iliyoambiwa kwamba *ku-*, *wa-*, *ma-* na *m-* ni viambishi itamkata kuku abaki *ku*, wazo libaki *zo*, maji yabaki *ji*, na meza ibaki *eza*. Kujua kipi ni kiambishi na kipi ni sehemu ya mzizi ni elimu ya mofolojia, na haipatikani kwa kuhesabu herufi.

4.2 Wingi wa maumbo ya kitenzi

Kitenzi kina uzito zaidi. Tuchukue *-lipa*, ambacho hutafutwa sana na watu wenye haja ya kulipa karo, kodi au faini. Tukitumia nafsi 6 na njeo 4 (*-na-*, *-li-*, *-ta-*, *-me-*) tunapata maumbo 24. Tukiongeza ukanushi wake tunapata 48. Tukiongeza kauli tatu, yaani *-lipwa*, *-lipia* na *-lipisha*, tunafika 192, na bado hatujagusa viambishi vya mtendwa, virejeshi, hali ya masharti wala ngeli zisizo za watu. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana hiyo kina maumbo manne tu.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni dhahiri: neno la mtafutaji na neno la mwandishi huwa na nafasi ndogo ya kufanana kwa umbo. La pili halionekani upesi. Tumesema kwamba neno adimu hupewa uzito mkubwa. Sasa umbo kama *hatujalipishwa* ni adimu kwa sababu tu ya wingi wa viambishi vyake, si kwa sababu ya uadimu wa maana yake. Mtambo unaohesabu maumbo badala ya mizizi utalipa uzito usiolistahili, na hesabu za mzizi *-lip-* zitatawanyika katika mamia ya maumbo, kila moja likionekana dogo. Kiswahili huonekana kama lugha yenye maneno mengi mno yanayotumiwa mara chache mno.

Hata hivyo kauli za kitenzi nazo haziwezi kukunjwa zote pamoja. *Anaharisha* na *kuhara* ni vya jamaa moja kwa mtafutaji. Lakini *tuma* na *tumia*, ingawa vyafanana na *lima* na *limia*, si vya jamaa moja katika matumizi ya leo. Mpaka kati ya unyambuaji ulio hai na neno lililokwisha kujitegemea ni suala ambalo wanaleksikografia wetu hukumbana nalo kila wanapotunga kamusi. Mtambo wa kutafutia unalikabili suala lilo hilo.

Mtu aweza kuuliza: je, mitambo ya siku hizi haijapita hatua hii? Imepita kwa kiasi. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mbinu inayojifunza maana kutokana na muktadha, kwanza kwa Kiingereza, na Desemba mwaka huo kwa lugha zaidi ya 70. Mbinu za namna hiyo hulikata neno katika vipande na kujifunza jirani zake. Lakini hujifunza kutokana na wingi wa maandishi, na lugha iliyo na maandishi machache hufunzwa kwa uhaba. Mbinu mpya haikuuondoa udhaifu wa akiba yetu.

4.3 Tahajia

Tahajia ya Kiswahili Sanifu iliwekewa msingi na mkutano wa Mombasa wa 1928 na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Misingi hiyo ilikusudiwa vitabu, ambavyo hupita mikononi mwa mhariri. Mtafutaji hana mhariri. Huandika *ahsante* au *asante*, *kwa sababu* au *kwasababu*, *kwa hiyo* au *kwahiyo*.

Ritifaa nayo ina mkasa wake. Neno *ng'ombe* huandikwa na wengi *ngombe*, kwa kuwa alama hiyo huchelewesha vidole katika simu. Na hata wanaoiandika hawaandiki alama moja: kuna iliyonyooka, kuna iliyopinda kulia, na kuna iliyopinda kushoto, nazo kwa kompyuta ni alama tatu mbalimbali. Programu isiyofundishwa Kiswahili yaweza kuichukua ritifaa kuwa mpaka wa neno, ikaorodhesha *ng* peke yake na *ombe* peke yake. Mfugaji anayetafuta dawa ya ng'ombe wake hana habari kwamba mnyama wake amepasuliwa vipande viwili katika faharasa.

4.4 Visawe, lahaja na istilahi

Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania hutofautiana katika maneno ya maisha ya kila siku. Mkenya hulipa *karo*, Mtanzania hulipa *ada*. Huyu husoma *shule ya upili*, yule *shule ya sekondari*. Ukurasa wenye neno moja tu huhatarisha kupoteza wasomaji wa upande wa pili.

Tofauti hii huwa kubwa zaidi katika istilahi mpya, nasi wanazuoni tuna sehemu yetu katika jambo hilo. Kompyuta imeitwa pia *tarakilishi* na *ngamizi*. Simu ya mkononi imeitwa *rununu*. Kaunti zilizoundwa na Katiba ya Kenya ya 2010 zimeitwa *magatuzi*. Na akili ya mashine inaitwa *akili bandia*, *akili mnemba* na *akili unde*. Kila istilahi ina hoja zake, na hatukusudii kuzihukumu hapa. Tunalotaka kusema ni kwamba mwandishi anayetumia istilahi ya mwanzo mpaka mwisho bila kulitaja neno ambalo watu wanalo, ameandika ukurasa ambao watu hawana neno la kuuitia.

4.5 Kuitambua lugha

Mwisho, mtambo hauna budi kutambua kwanza kwamba ukurasa ni wa Kiswahili. Google imeeleza katika mwongozo wake kwamba huitambua lugha kwa maandishi yanayoonekana, wala haitegemei tamko la lugha lililofichwa ndani ya ukurasa. Tovuti nyingi za Afrika Mashariki zina vichwa, orodha na vitufe vya Kiingereza, na aya chache za Kiswahili katikati. Ukurasa wa namna hiyo hauna lugha iliyo wazi. Nao mtafutaji huandika maneno mawili au matatu tu, mara nyingi akichanganya lugha, kiasi kwamba ushahidi wa lugha yake ni mchache.

5. Yanayoweza Kufanywa

Kwa mwenye tovuti, ushauri wetu ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Aanze kwa kujiuliza: mwenye haja na habari hii angeiulizaje kwa kinywa chake? Swali hilo liwe sehemu ya kichwa. Ukurasa wa zahanati ungeweza kuitwa:

(8) Mtoto Anaharisha: Namna ya Kudhibiti Maradhi ya Kuhara kwa Watoto Wachanga

Kichwa hiki hakijaivunja lugha sanifu. Kimeuweka umoja na wingi, umbo la kitenzi litumiwalo na wazazi na lile la waganga, swali na jawabu lake. Katika aya za ndani mwandishi aweza kutaja kwamba wengine husema mtoto *anaendesha*. Na anayeandika habari za shule aweza kusema mara moja kwamba karo ndiyo ada. Maneno hayo yakiingia katika sentensi zenye maana, si hila bali ni adabu kwa msomaji. Aidha ukurasa mmoja uwe na lugha moja, na picha yenye maandishi ifuatane na maandishi yenyewe.

Mwenye tovuti pia ana hazina ambayo wengi hawaijui. Google hutoa bila malipo chombo kiitwacho Search Console, ambacho humwonyesha mwenye tovuti maneno mengi ambayo watu waliyaandika mpaka wakaletewa ukurasa wake. Kwa fundi hiyo ni takwimu ya biashara. Kwa mwanaleksikografia ni sampuli ya Kiswahili kinachoandikwa na watu wakiwa na haja ya kweli, bila kumwogopa mwalimu wala mhariri. Idara zenye tovuti zingeweza kuanza kuihifadhi na kuichunguza.

Kwa wanazuoni kuna kazi tatu. Kwanza, majarida yetu yawekwe kama maandishi yanayosomeka, kila makala yawe na ukurasa wake na ikisiri ya Kiswahili, hata pale makala yenyewe yalipoandikwa kwa lugha nyingine. Pili, tovuti za Kiswahili zielekezane. Tumeona kwamba kiungo ni kama nukuu. Mwanachuoni asiyewanukuu wenzake hulaumiwa, lakini tovuti zetu huishi kila moja peke yake na kupeleka viungo vyake ng'ambo. Tatu, na hili ndilo kubwa, elimu yetu ya mofolojia itolewe kwa namna inayotumika na kompyuta. Kwamba jambo hili linawezekana lilikwisha kuthibitishwa: kuanzia 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, akitumia nadharia ya Kimmo Koskenniemi ya 1983, na kazi hiyo ikazaa mfumo wa SALAMA. Programu kama hiyo hujua kwamba *meno* ni wingi wa *jino* na kwamba *kuku* hana kiambishi. Ni fahari kwa Helsinki. Kwetu iwe ni ukumbusho kwamba nyenzo za namna hii zahitaji pia kujengwa na kutunzwa mahali ambapo lugha yenyewe inazungumzwa, na idara za lugha na za kompyuta zikikaa meza moja.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukurasa wa Kiswahili huweza kupotea hata pale fundi alipomaliza kazi yake yote, kwa sababu mtambo hupokea maumbo ya maneno hali watu hutafuta maana. Viambishi vya mwanzo, wingi wa maumbo ya kitenzi, tahajia isiyotulia, istilahi zinazoshindana na mchanganyiko wa lugha ndizo nyufa ambamo maandishi yetu hudondokea. Suala hili linazidi kuwa la haraka, kwa kuwa tangu 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo mengi muhtasari uliotungwa na mashine, na muhtasari huo hutungwa kutokana na kurasa zilizopatikana. Yasiyopatikana hayatanukuliwa, na yasiyonukuliwa yatakuwa kama hayakuandikwa.

Kwa muda mrefu tumeuliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa elimu ya kisasa. Swali hilo limejibiwa kwa vitendo na waandishi wengi. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba neno la mwandishi na neno la mwenye haja yanakutana, na kazi hiyo ni yetu.